Bunduki Iliyopakwa Samli

Kwa miaka tisa niliisafisha bunduki ile bila kuipiga hata mara moja. Ilikuwa mali ya meneja wa shamba la chai nilikokuwa nikifanya kazi, upande wa Kericho, mzungu mrefu asiye na subira, ambaye mara mbili kwa mwaka alishuka kuwinda kwenye tambarare zilizo mbele ya Mulot. Siku za kazi nilikuwa nyapara wa wachumaji. Siku za safari nilikuwa mbeba bunduki wake. Ilikuwa bunduki ya nyati na tembo, nzito, risasi yake nene kama kidole. Nilijua uzito wake begani kuliko nilivyojua uzito wa watoto wangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Tukirudi safari alinikalisha verandani, akanitazama nikiifungua. Mtutu aliutaka ung'ae kwa mafuta. Lakini bolti, kile chuma unachokivuta nyuma ili kuingiza risasi, ambacho ndani yake mna sindano ya kuigonga, aliitaka kavu kabisa.

"Ndani ya bolti hapana mafuta," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Baridi ya hapa nageuza mafuta kuwa gundi. Sindano natembea polepole, risasi nakataa. Wewe nasikia?"

"Nasikia, bwana."

Nilisikia. Hilo nataka lijulikane kabla sijaendelea.

Miaka ya mwisho ya sitini meneja alianza kufunga masanduku yake arudi kwao. Wakati huo nilikuwa nimeshapata shamba langu upande wa Bomet, karibu na msitu: chai kidogo, ng'ombe wanne wa maziwa, na mahindi. Kati yangu na msitu alikaa jirani mmoja tu, Mkisii aliyekuja kuchuma chai kwenye shamba lile lile la mzungu, akapenda hewa ya huku, akanunua kipande. Nyati walipotoka msituni walikula kwake kwanza. Wakishiba, mimi nikamshukuru Mungu, na sikuona haya kushukuru.

Jirani alikuwa Msabato, mimi ni wa Jumapili, na utani wetu haukuisha.

"Hawa nyati wanajua Jumamosi uko kanisani," nilimwambia.

"Na kwako wanakula lini?"

"Mimi huomba wakuanze wewe kwanza."

Lakini baada ya misimu miwili bila kuvuna gunia, utani ulimwisha. Siku moja alikuja, akasimama kwenye uzio wangu, akasema watoto wake wanalala na uji mwembamba. Nyati wakirudi msimu ujao anauza, anarudi kwao. Sikujua mpaka siku ile kwamba nilimpenda mtu huyu. Ndiye aliyekesha na ng'ombe wangu aliposhindwa kuzaa. Ndiye aliyenifundisha kupogoa chai yangu isionekane imenyolewa na kipofu. Nikamwambia, "Usiuze. Mwaka huu utavuna. Nitasimama kati yako na msitu." Nikaenda kwa mzungu kuulizia bunduki.

Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani alifurahi iende kwa mkono unaoijua. Serikali ndiyo haikuwa na haraka. Ilitakiwa barua ya chifu, barua ya mchungaji, fomu juu ya fomu, na mwisho askari mkubwa akaja kukagua nyumba. Akasema bunduki lazima ikae kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa saruji. Nyumba yangu ilikuwa ya udongo. Basi nikajenga chumba kimoja cha mawe ubavuni mwa nyumba, cha kwanza cha mawe kwenye mtelemko wetu wote, kwa ajili ya bunduki. Mke wangu aliuliza kama na yeye anaweza kuandikiwa barua na polisi.

Halafu kulikuwa na suala la mwili wangu. Mzungu alikuwa mtu wa mikono mirefu na mimi ni mfupi, sina cha kuficha. Fundi wa bunduki, Mhindi mzee mjini Nakuru, aliniambia nikunje mkono, akaweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko changu, akaona kidole changu hakifiki hata karibu na kifyatulio.

"Wewe napiga hivi, mzee, itavunja taya yako," akasema. "Nyati atacheka."

Alikata kitako upana wa vidole viwili, akafunga mpira mwisho wake wa kupokea teke. Akaitengeneza shabaha upya, akisukuma kichuma cha nyuma kwa nyundo ndogo, kidogo, kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto wa wenyewe. Nilipoiinua begani mwangu, jicho langu likaanguka palepale panapotakiwa bila kutafuta. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nilipofika nyumbani mama yangu alikuwa ananingoja mlangoni na kibuyu kidogo cha samli. Mama alikuwa amebatizwa, anaimba kanisani kuliko sisi sote, lakini kuna mambo ambayo ubatizo haukuyagusa. Kwake, kitu kipya hakiingii boma kikavu. Bibi arusi hupakwa, mtoto hupakwa, hata redio yetu ya kwanza aliipaka. Samli yake, ambayo sisi twaiita mwaita, aliitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe aliyempa jina.

Aliipaka bunduki kuanzia kitako. Alipaka polepole, akiomba kwa lugha yetu, akimtaja baba yangu marehemu na mababa zake. Jua lilikuwa kali na samli ilikuwa maji. Niliiona ikitiririka kwenye mtutu, ikafika kwenye bolti, ikaingia. Niliiona kwa macho yangu haya. Akamaliza, akatema mate kidogo kifuani pangu kunibariki, akasema, "Sasa nenda ukawalinde watu."

Nilikuwa na kitambaa. Nilikuwa na bisibisi. Kazi ya kuitoa bolti, kuifungua na kuikausha nimeifanya labda mara mia. Lakini baraka ya mama haifutwi. Kwetu hakuna anayekufundisha hilo, kama vile hakuna anayekufundisha usimpige baba yako. Nilifuta nje tu, panapoonekana, ili mikono isiteleze. Ndani nikaacha.

Na nilijidanganya kwa ushahidi. Kesho yake adhuhuri tulikwenda machimbo ya mawe, mimi na jirani. Tukasimamisha ubao wa sanduku la chai, tukachora duara kwa mkaa, nikapima hatua hamsini. Nilipiga tatu. Bega liliota rangi ya zambarau wiki nzima, lakini zote tatu zilikaa ndani ya duara, ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Jirani alicheza ngoma yake ya Kisii peke yake juu ya mawe, Msabato mzima.

"Mwaka huu watoto wanakula!" akapiga kelele.

Ilikuwa saa sita mchana na mawe yalikuwa ya moto. Hilo sikulifikiria, au sikutaka kulifikiria.

Nyati walikuja mwezi wa saba, mwezi ambao asubuhi huku kwetu nyasi huwa nyeupe na mikono haikunjiki. Jirani alinigongea kukiwa kunapambazuka: dume mmoja, peke yake, ndani ya mahindi yake. Tulikubaliana haraka. Yeye apite juu na mbwa na debe, amsukume dume atokee upande wangu penye uwazi, mimi nipige. Alikuwa na panga tu. Alipita bila wasiwasi, kwa sababu alikuwa ameona ule ubao.

Dume alitokea kama tulivyopanga, hatua kama thelathini, ubavu wote wazi kwangu. Shabaha ikakaa nyuma ya bega. Nikavuta.

Bunduki ikafanya tik. Sauti ndogo tu ya chuma.

Nikavuta bolti, nikaingiza risasi nyingine. Iliingia nzito. Tik. Na jirani, akiwa anahesabu kwamba dume ameshapigwa au yu karibu kupigwa, alikuwa ameingia kwenye uwazi nyuma yake akipiga debe. Nyati akageuka. Niliingiza ya tatu, na hiyo ikalia, dume akaanguka, lakini alianguka jirani akiwa tayari yuko chini na pembe imeshapita kwenye paja lake.

Gari la maziwa ndilo lililompeleka hospitali. Kabla watu hawajajaa nilitafuta zile risasi mbili kwenye majani. Kitako cha kila moja kilikuwa na kovu dogo, kama la ukucha. Sindano ilifika pale imechoka. Mtu anayejua bunduki angeliangalia na kusoma kila kitu. Nilizitupa chooni. Halafu nikaingia kwenye chumba cha mawe, nikafungua bolti. Samli ilikuwa imeganda ndani, njano, ngumu, inanukia moshi wa jiko la mama yangu. Nililia pale sakafuni.

Mama aliponiuliza nilimwambia risasi zilikuwa mbovu.

"Nilijua," akasema. "Isingekuwa ile baraka mngekufa wote wawili."

Jirani alirudi baada ya miezi mitatu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mama alikuwa akipanda kwake kila wiki na kibuyu kile kile, anamkanda paja kwa samli, na yeye anamwita Mama, na mke wake ananiletea ndizi kunishukuru kwa kumuua nyati. Nilizila zile ndizi. Hakuuza shamba. Alivuna mwaka ule na miaka iliyofuata, na kila nilipomwona akitembea kwenye matuta, akiutupa ule mguu mbele ndipo aufuate, nilitafuta kazi ya upande mwingine wa shamba.

Serikali ilipofunga uwindaji nchi nzima, niliamua kuirudisha bunduki polisi. Mama alikuwa ameshafariki. Jirani akasema ananisindikiza. Tulikwenda polepole, tukapumzika kwenye ukingo juu ya kibanda cha kununulia chai, bunduki ndani ya gunia kati yetu. Nikaona nikifika kituoni bila kusema, sitasema tena maisha yangu yote.

"Ile asubuhi nilivuta mara mbili," nikaanza. "Ikakataa."

Akanigeukia. "Ulivuta?"

"Mara mbili, kabla hajakugeukia."

Akaanza kucheka, halafu nikaona machozi. "Mimi nilijua uliogopa," akasema. "Miaka yote hii. Nilisikia kimya, halafu pembe, ndio baadaye bunduki. Nikasema, huyu mzee aliganda. Watu wakiniuliza nawaambia risasi ilikuwa mbaya, wasikucheke. Hata bibi yangu sijamwambia."

Aliweka mkono wake begani mwangu, na alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyerudishiwa rafiki. Ningeweza kunyamaza pale. Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza, na kwamba nilikaa na ule mkono begani kwa muda usio mfupi.

"Risasi hazikuwa mbaya," nikasema. Nikamweleza yote, samli, jua, kitambaa, mzungu wa verandani.

Mkono ukaondoka.

"Mama alijua?"

"Hakujua. Amekufa hajui."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alitazama chini wachumaji wakipimiwa majani.

"Kuogopa nilikusamehea hapo hapo kwa mahindi, damu ikitoka," akasema. "Nyati ni nyati, mtu yeyote anaweza ogopa. Lakini hii nyingine naisikia leo. Hii ni mpya. Hii bado sijaisamehe, na siwezi kukudanganya."

Akachukua fimbo yake, akarudi njia tuliyojia. Nilikwenda kituoni peke yangu.

Hakunisemesha mahindi yakipaliliwa, hakunisemesha yakivunwa. Tukikutana njiani aliinamisha kichwa kama unavyomfanyia mgeni. Mke wangu alitaka nimpelekee mchungaji, nikakataa. Miaka yote ile nilikuwa nimekula ndizi zake na msamaha ambao haukuwa wangu, na mtu aliyetoa ule wa kwanza bure alikuwa na haki ya kuchelewesha huu wa pili, au kuuzuia kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile kuweza kumtazama akitembea na mguu wake ule bila kugeuza uso.

Alikuja baada ya mvua za kwanza za mwaka uliofuata, Jumapili mchana, tukiwa tumetoka kanisani. Alisimama mlangoni.

"Nimekuja," akasema.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Nilimwambia aingie, nikamwekea kiti.