Bunduki ya Ng'ombe Kumi

Mseti ni mtu anayeweza kusimama nusu saa akibishania bei ya kipande cha sabuni, mpaka mwenye duka ampunguzie ili tu aondoke pale mlangoni. Kwa hiyo siku alipoingia duka la silaha kule Mwanza, akaonyeshwa bunduki mbili na asiombe kupunguziwa hata shilingi, mtu yeyote wa kijijini kwake angejua kwamba kuna jambo.

Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu. Alianza na bunduki ya mtutu mmoja, ya kutia risasi moja moja, milioni mbili na laki nne. Akamweleza kwamba kwa mfugaji hiyo inatosha kabisa, kwa kuwa wezi wengi wakisikia mlio mmoja hewani huacha ng'ombe na kukimbia. Kisha, kwa sababu biashara ni biashara, akaweka mezani na ya pili: ndefu, nyeusi, ina darubini juu yake, milioni saba. Mseti aliigusa kitako kwa vidole viwili, akauliza kama mtu akiiona kwa mbali anaweza kujua ni ya bei gani. Kijana akacheka, akidhani mzee anatania.

Alirudi Tarime na bei zote mbili kwenye karatasi. Njiani akazigeuza kuwa ng'ombe, maana pesa za karatasi hazikumwingia akilini vizuri. Ile ndogo ilikuwa ng'ombe watatu na mbuzi kidogo. Ile kubwa ilikuwa ng'ombe kumi. Na ng'ombe aliokuwa nao zizini walikuwa kumi na wawili, wale wa mahari ya binti yake Beatrice, ambao kwa desturi ya Wakurya hawakuwa wake wa kuchezea. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka yake wa tumbo moja. Simon, mdogo wake Beatrice, alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Nyakunguru na alishapata mchumba. Kila mtu alijua ng'ombe wale wanamngoja nani.

Mkewe, Robi, alipoonyeshwa karatasi alisema maneno machache. Kama ni wezi, ile ya ng'ombe watatu inatosha, na Simon ataongea na wakwe zake wampunguzie. Hiyo nyingine ni ya nini, tunakwenda vitani? Mseti akamjibu kwamba mambo ya silaha si ya wanawake. Robi alimtazama kidogo, akaenda kuchambua maharage.

Lakini haikuwa habari ya wezi, na hapo ndipo aibu ilipokaa.

Mwaka uliotangulia, alfajiri moja, wezi waliingia kwa jirani yake Heche. Heche na Mseti walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu cha ngariba mmoja, wakiwa wamesimama bega kwa bega na hakuna aliyekunja uso. Watu wa rika moja namna hiyo hawaulizani. Mmoja akipiga yowe, mwingine anatoka na chochote alichoshika, hata kama ni mwiko. Heche alipiga yowe. Mseti alikuwa peke yake nyumbani, Robi akiwa msibani kwao upande wa Manchira. Aliamka, akavaa suruali, akashika panga, akaweka mkono kwenye komeo la mlango. Mkono ukakataa. Alisimama pale akisikia miguu ya watu ikipita, wanaume wakiitana, mbwa, mlio mmoja wa bunduki huko bondeni. Alisimama mpaka jua lilipoingia kwenye upenyo wa mlango. Heche alipoteza ng'ombe tisa. Mkono wake wa kulia ulikatwa kwa panga, na mpaka leo haukunjiki.

Baada ya hapo liliitwa ritongo, baraza la kimila, ambapo kila mwanaume ambaye hakuitikia yowe anasimama kujieleza, na asipokuwa na sababu anatozwa faini. Mseti alisimama akasema alilala Nkende mjini, kwa binti yake. Alikuwa ameshampigia Beatrice simu mapema. Wazee nao wakampigia, simu ikiwa kwenye spika, na Beatrice akasema ndiyo, baba alilala hapa. Sauti yake ilikuwa kavu. Heche, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa, alimshika Mseti bega akamwambia afadhali hukuwepo, mura, pengine leo tungekuwa tunakuzika.

Faini ingekuwa dume moja tu. Mseti angelitoa, watu wangemcheka mwezi mzima, basi. Badala yake alikaa na lile neno la Heche mwaka mzima. Likamla. Kila alipomwona jirani yake akijaribu kukamua kwa mkono wa kushoto, alitafuta njia nyingine ya kupita. Mwishowe akajiambia kwamba kilichomshinda ni kukosa silaha, na kwamba mtu akiwa na bunduki ya maana, ya kuonekana, hakuna atakayemkumbuka kwa lingine. Ndiyo maana ile ndogo haikumtosha.

Kibali cha bunduki kinaanzia kijijini. Wanaokujua wanakusanyika, wanaulizwa kama wewe ni mtu mwema, ndipo karatasi zinapanda juu hadi polisi. Kwenye fomu alitakiwa aandike anaomba bunduki ya namna gani. Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mkutano, na nafasi ile ikiwa bado tupu, alikwenda Nkende kwa Beatrice. Bila ruhusa yake asingeweza kugusa ng'ombe wale na akalala usingizi.

Beatrice alikuwa anashona sare za shule. Akamwamkia, akamletea chai, akarudi kwenye cherehani. Mseti alizungumza sana. Aliongea habari za wezi, za usalama, za Simon ambaye bado ni kijana na anaweza kungoja, na jinsi bunduki nzuri isivyozeeka. Akaitaja bei. Cherehani ikanyamaza.

"Ng'ombe kumi," Beatrice alisema.

"Nitawarudisha. Mwaka mmoja, miwili."

"Baba, siku ile ulikuwa na panga. Ulikuwa na watu wote wa kijiji wanapita mbele ya mlango wako." Hakupandisha sauti. "Niambie bunduki ya bei gani ndiyo itakayofungua ule mlango, nami nitasema uza."

Mseti hakuwahi kumwambia alikuwa wapi alfajiri ile. Alimwambia tu aseme alilala kwake. Sasa akaelewa kwamba mwanawe alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba alikuwa amebeba uongo wake mwaka mzima, akiwasalimia wake wa Heche sokoni kila Alhamisi. Alitaka kukasirika kama baba anavyopaswa kukasirika. Akatafuta hasira, hakuipata. Alimaliza chai iliyokwisha kupoa, akaaga, akasahau kofia yake kwenye kiti na hakurudi kuichukua.

Huwezi kusema kwamba alibadilika hapo. Angekuwa mtu wa kubadilika kirahisi, angefungua mlango mwaka jana. Usiku ule alijiambia Beatrice ni mtoto, hajui mambo. Asubuhi aliandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, jina la ile bunduki ya milioni saba.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye nyasi. Mwenyekiti wa kijiji alisoma ombi la Mseti, akauliza nani anamfahamu na nani ana neno. Heche akainuka. Aliinuka kwa shida, kwa kuwa mkono ule haumsaidii kujisukuma.

Alisema kwamba mtu huyu hahitaji kuthibitishwa. Alisema wote wanajua hasara ya mwaka jana ilitokana na nini: waliokuwepo walikuwa wachache na hawakuwa na kitu mkononi. Mseti angekuwepo, mambo yangekuwa mengine. Kisha akasema wenzake wa rika wamekaa, wameongea. Hawaoni haki Mseti auze ng'ombe wa mtoto ili alinde kijiji kizima. Kila mmoja atatoa alichonacho. Yeye Heche alibakiwa na ng'ombe watano, na katika hao anatoa mtamba mmoja, yule mwekundu.

"Asinunue ndogo," alisema. "Anunue ile kubwa. Sisi tutachanga."

Watu wakapiga makofi. Robi, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama, alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Mseti ikambidi aangalie chini. Mwenyekiti akamwambia asimame ashukuru.

Mseti alisimama. Alikuwa ameandaa hotuba fupi, na ilikuwa nzuri. Mbele yake alimwona Heche akishika kiwiko chake kilichokakamaa kwa mkono mwingine, kama anavyofanya kila akisimama muda mrefu. Yule mtamba mwekundu alimjua vizuri. Alimwona akizaliwa.

"Nilikuwepo," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Mwenyekiti akamwomba arudie.

"Siku ile sikulala Nkende. Nilikuwa nyumbani. Nilimwambia mwanangu aseme uongo, akasema, yeye hana kosa." "Nilikuwa na panga mkononi. Niliogopa."

Darasani watoto walikuwa wakisoma kwa sauti. Mzee mmoja wa ritongo akaguna, akaanza kusema jambo kuhusu faini, akanyamazishwa. Heche hakuwa amekaa. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu ndefu ambayo haitaki kutoka.

"Ulinisikia nikiita?"

"Nilikusikia."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Heche akatikisa kichwa polepole. Mseti alingoja atukanwe. Aliomba moyoni atukanwe, tena mbele ya wake zao na watoto wao, kwa maneno mabaya kuliko yote ya Kikurya, amalizane nayo.

"Tulipopita kwako," Heche alisema, "wenzetu walitaka kusimama wakugongee. Mimi ndiye niliyewakataza. Niliwaambia msipoteze muda, huyu hayupo. Angekuwepo angekuwa ametutangulia."

Kisha akakaa chini kwenye nyasi, taratibu, akaushika tena mkono wake.