Nilipanga ratiba ya ligi kwa laptop, nikafika Goziba nikakuta uwanja umeanikwa dagaa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa mashambani.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa suti. Sitapunguza kitu ili nionekane mzuri, na wanaonijua wanajua kwamba jambo hilo kwangu si jepesi.

Kwanza nijitambulishe, maana bila hapo hamtaelewa.

Mimi ni mtu wa Kaagya, Bukoba Vijijini. Niliondoka nyumbani na begi moja la mgongoni. Dar nilianza kwa kubeba mizigo Kariakoo, nikamaliza nikiwa na stoo yangu mwenyewe. Katikati hapo nikawa nasoma jioni, nikachukua Diploma ya Ugavi na Usafirishaji. Siyo cheti. Diploma.

Nimerudi. Nimejenga. Paa lina kona nyingi kiasi kwamba fundi wa bati aliomba siku mbili za kulifikiria. Ukipita utaiona nyumba, na usipoiona utaonyeshwa.

Sasa mtu kama mimi hawezi kukaa kijijini anaangalia kahawa ikiiva. Nikaingia kwenye uongozi wa mpira.

Kwa wasiojua, mpira wa vijijini hauanzi na mpira, unaanza na makaratasi. Juu kuna chama cha mkoa, chini yake vyama vya wilaya. Timu inajisajili wilayani, inaleta fomu za wachezaji na picha ndogo za pasipoti. (Kuna mmoja alileta picha ya harusi yake, bibi harusi amekatwa kwa mkasi, mkono wake umebaki begani.) Halafu kamati ya mashindano inapanga ratiba, inagawa waamuzi, na kila mechi inapewa kamisaa.

Kamisaa ndiye macho ya chama uwanjani. Anakagua uwanja, anakagua fomu, anaandika ripoti. Akiandika kwamba hukucheza, basi hukucheza, hata kama ulifunga magoli sita.

Ratiba ya ligi yetu ya vijiji, Bukoba na Muleba, miaka yote ilikuwa inapangwa na katibu wa kamati, Mzee Prudence, mwalimu mstaafu. Alipanga kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya manila, huku pembeni amefungua kalenda yenye viduara vyeusi na vyeupe. Mimi nilidhani vile viduara ni sikukuu za kanisa.

Nilipoingia kwenye kamati nikasema hapana, hii ni karne nyingine.

Nikakaa na laptop siku tatu. Nikatengeneza ratiba ya rangi: nyumbani kijani, ugenini njano. Hakuna timu inayosafiri mbali mara mbili mfululizo. Hata waamuzi niliwapangia kwa umbali. Wakuu, ile kazi ilikuwa nzuri, naisifu hadi leo.

Siku ya kikao nikaja na projekta. Wajumbe wakawa wanaitazama ile rangi ukutani kama watu wanaotazama sinema. Mzee Prudence akanyoosha mkono.

"Waitu, ndugu yangu, hawa wa Goziba umewaweka wiki ya kwanza na ya pili. Je, umewahi ku..."

"Mzee wangu, maswali mwishoni. Slaidi inayofuata."

Tulipofika mwishoni umeme ukakatika. Kwa hiyo sehemu ya maswali haikuwepo. Ratiba ikapita kwa makofi gizani.

Wiki ya kwanza, timu ya kisiwa cha Goziba, inaitwa Karabai FC, ilitakiwa kuja kucheza Muleba. Haikuja. Wenzao wakapewa pointi tatu za mezani. Mimi nikaona huo ni uzembe wa watu wa visiwani, nikasema kwenye simu kwa sauti kubwa kwamba kanuni lazima ifuatwe. Na kanuni ilikuwa wazi: timu ikikosa mechi mbili inafutwa kwenye ligi, na inakaa nje misimu miwili.

Wiki ya pili Karabai walikuwa nyumbani, wanawapokea Ngenge. Nikajipangia ukamisaa mwenyewe, ili nikaone ratiba yangu ikifanya kazi.

Tukaondoka mwaloni, pale zinapoegeshwa boti za wavuvi, alfajiri kwa boti: mimi, mwamuzi na wasaidizi wake, na timu ya Ngenge. Ngenge ni wakulima. Wengi wao maji mengi waliyowahi kuona ni ya kwenye pipa. Nahodha wao Jasoni, beki mwenye shingo kama mgomba, alianza safari akiimba nyimbo za kwaya. Baada ya saa moja sauti ikapotea, uso ukawa wa kijivu.

"Kamisaa, nchi kavu iko wapi?"

"Bado kidogo."

"Basi nishushe hapa hapa."

Tulifika kama saa nne hivi. Nilitegemea ngoma na vigelegele, maana mgeni rasmi nilikuwa mimi. Kukawa kimya. Kambi nzima ya wavuvi, kimya kama maktaba ya chuo. Wachezaji wa Ngenge wakashuka wakalala mchangani, wawili wakibusu ardhi.

Nikakaza tai, nikashika faili, nikaenda kukagua uwanja.

Wakuu, uwanja ulikuwa unang'aa. Goli hadi goli, kona hadi kona, dagaa. Wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, hakuna hata pa kuweka kiatu. Milingoti ya magoli tu ndiyo imesimama, na mtambaa panya umeanikwa blanketi.

Katikati ya uwanja, pale mpira unapoanzia, amekaa mama mmoja kwenye kigoda, ana fimbo ndefu ya kufukuzia ndege.

"Karibu baba. Zunguka pembeni, usinikanyagie."

"Mama, mimi ni kamisaa wa mchezo. Saa nane hapa kuna mechi. Nataka kuonana na mwenyekiti wa Karabai."

"Ndiye mimi. Mama Jeni. Mechi gani?"

Nikamwonyesha ratiba, kurasa za rangi. Akaitazama, akanitazama.

"Mechi wakati wa giza? Nani kapanga?"

Nikakohoa. "Kamati," nikasema.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku. Taa inawavuta pale tu ambapo hakuna mbalamwezi. Kwa hiyo siku za giza kila mwanaume wa kisiwa yuko ziwani usiku kucha, mchana analala. Samaki wakija wengi, pa kuanika hapatoshi, ndipo uwanja unapoazimwa. Mbalamwezi ikirudi hakuna kazi, watu wanashona nyavu na kucheza mpira.

"Yule mwalimu wenu wa zamani alikuwa anajua. Mechi zetu zote zilikuwa mbalamwezi. Mwaka jana tulikuwa wa tatu kwenye ligi."

Viduara vyeusi na vyeupe, wakuu. Nikalegeza tai.

Nikamwambia sasa habari ya kanuni: leo ikipita bila mechi, Karabai inafutwa. Akaacha kufukuza ndege.

"Baba, hapa mtu katoka Mara, mwingine Kigoma, mwingine Ukerewe. Hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Tunachojuana nacho ni hiyo timu. Ukiifuta, hawa wakigombana nitawaambia nini?"

Nikasema haitafutwa, mimi nina diploma ya mambo haya. Tutacheza.

Kwa ombi langu na kwa manung'uniko mengi akina mama wakakunja nyavu za nusu uwanja. Nusu nyingine wakakataa. Mwamuzi akapima kwa hatua, akasema kwenye kanuni haimo lakini na safari ya kurudi bure nayo haimo. Kisha tukaenda kuwaamsha wachezaji.

Nahodha wa Karabai, Sospeter, alitoka na shuka begani. Nikamwuliza, "Uko tayari?" Akajibu, "Naam, kamisaa," kwa heshima kabisa, kisha akalala akiwa amesimama.

Saa nane mpira ukaanza. Karabai kumi na mmoja, waliofungua macho sita. Ngenge tisa, wengine bado wanatembea kama boti inayumba. Nimeangalia mpira Dar, nimeingia uwanja mkubwa kwa tiketi ya jukwaa la heshima, lakini sijawahi kuona mechi ambayo mpira unasimama wenyewe katikati na wachezaji wote wanausikitikia.

Dakika ya nane Jasoni akapiga shuti dogo, la kumpasia mtoto. Kipa wa Karabai alikuwa amekumbatia mlingoti, anakoroma. Mpira ukaingia taratibu. Jasoni akakimbia kushangilia hatua tatu, kichwa kikamzunguka, akakaa ndani ya goli pamoja na mpira.

Dakika ya kumi na mbili Mama Jeni akapiga kelele.

"Mvuaaa!"

Wakuu, wale watu waliamka! Sospeter aliyekuwa anatembea kama kinyonga alinipita kama pikipiki. Kipa akauacha mlingoti. Wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani, jeusi, na dagaa wa watu wamelala nusu uwanja. Dagaa akinyeshewa anaoza, kazi ya usiku mzima imekwenda. Karabai wakakunja nyavu, Ngenge wakabeba, kizunguzungu kikawatoka wenyewe. Mwamuzi naye yumo, filimbi mdomoni, anapuliza kila mtu akikanyaga dagaa.

Na mimi? Niliweka faili chini ya kigoda, nikabeba. Suti ya bluu. Dagaa waliingia hadi mfuko wa ndani, ule wa kalamu.

Tukawaokoa karibu wote. Mvua ikapiga hadi uwanja ukawa bwawa, mechi ikavunjika.

Nikakaa barazani kwa Mama Jeni na fomu ya ripoti. Kuna sehemu imeandikwa: sababu ya mchezo kuvunjika. Nikiandika uwanja haukuandaliwa, hilo ni kosa la mwenyeji, Karabai kwisha. Nikiandika mvua, watauliza kwa nini mlikuwa mnacheza nusu uwanja, nusu nyingine ina nini. Kanuni inaokoa timu kama kosa ni la mwandaaji wa ratiba tu. Na mwandaaji alikuwa amekaa hapo, ananuka dagaa.

Nikaanza: "Kutokana na changamoto za kimfumo..." Nikafuta.

Nikajaribu: "Kamati kwa ujumla wake..." Nikafuta.

Jasoni alikuwa ananichungulia begani. Nikamwuliza, wewe ungependa niandike nini? Pointi tatu za mezani ni zenu.

"Nikipewa sitazikataa," akasema. "Ila nikifika Ngenge nitajisifia nini? Nilimfunga mtu amelala?"

Mama Jeni akaleta chai. Hakunibembeleza hata neno. Aliweka kikombe, akasema, "Andika ulichoona, baba," akaenda ndani kugeuza dagaa wake.

Nikaandika: "Ratiba niliipanga mimi bila kuwauliza wavuvi wanafanya kazi lini. Mechi zote mbili za Karabai ziliangukia siku za giza. Kosa ni la mpangaji." Nikaweka jina na sahihi. Mkono ulikuwa mzito kuliko magunia ya Kariakoo.

Kikao kilichofuata, ripoti ilisomwa na Mzee Prudence, kwa ile sauti ya kusoma imla darasani. Mwenyekiti wa kamati akasema hajasikia vizuri mstari wa mwisho. Mzee akausoma tena. Halafu akausoma mara ya tatu bila kuombwa.

Kamati ikaamua mechi zote mbili zirudiwe siku za mbalamwezi. Karabai wakabaki kwenye ligi.

Tulipotoka nje nikamwuliza mzee kwa nini hakuniambia siku ile.

"Waitu, nilikuwa nasubiri sehemu ya maswali."

Sasa ratiba tunapanga pamoja. Yeye na kalenda, mimi na laptop. Rangi ni zangu.

Na Karabai? Mbalamwezi iliyofuata wakaja bara wakiwa wamelala vya kutosha. Waliwapiga Muleba, wakarudi kisiwani wakawapiga Ngenge nao, kisha wakaja kwetu Kaagya. Tano kwa moja. Sospeter peke yake tatu, na kila akifunga anakuja kunisalimia mbele ya umati, "Shikamoo kamisaa!"

Kijiji kizima kikageuka kunitazama. Jirani yangu Ta Felisi akanisogelea.

"Nshomile, msomi wetu, hivi ile fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kitu kingine?"

Nikamwambia nafasi ilikuwepo, Ta Felisi. Kosa ndilo lilikuwa langu. Akaguna, wiki nzima hakunisalimia. Kuna wazee wa kijiji mpaka leo wananipa mkono wa kushoto.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujampangia mtu siku ya kucheza, muulize analala saa ngapi. Diploma yangu haikunifundisha hilo, na ilikuwa diploma nzuri.

Ila niseme na hili, msije mkadhani nimenyongea. Makamisaa ni wengi mkoani. Aliyekiri kosa lake kwa maandishi, kwa mwandiko mzuri, suti ikiwa imelowa, mimi namjua mmoja tu.

Haya, nanyi mliowahi kuwa viongozi wa mpira huko kwenu, leteni yenu. Mechi yenu ya ajabu ilivunjwa na nini? Watu wa Kaagya mnaruhusiwa kuchangia pia, ila matusi mtume faragha.