Magunia Mawili ya Vipande

Nianze kwa kusema wazi: mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na kwa mambo ya dada yangu huyu sifai kuwa hakimu. Anayetaka habari zisizo na upande akaulize kwingine.

Dada alifanya kazi kiwanda cha sare za shule miaka ishirini na minane, na miaka yote hiyo alishona kola. Si shati, si gauni. Kola. Kitambaa cha buluu kinaingia mkono wa kushoto, kola inatoka mkono wa kulia, anapokea mwenye kutia mikono, halafu mwenye vifungo, na dada hajui hata shati lenyewe linaishia wapi. Siku anastaafu walimpa saa ya ukutani na cheti. Saa akanipa mimi. Cheti alikikata pembetatu, maana karatasi yake ilikuwa ngumu, akapata kipimo kizuri cha kuchorea vitambaa.

Tangu hapo ni mablanketi ya vipande tu. Anapita kwa mafundi cherehani wa mtaani kuokota mabaki chini ya meza zao, anafua, anapiga pasi, anakata, anaunga pembetatu kwa pembetatu mpaka uso wa blanketi utimie. Katikati anatia blanketi kuukuu, chini shuka, halafu anavishonea pamoja kwa mkono. Rangi zote ruksa isipokuwa buluu. Buluu hataki hata kuisikia.

Tena ana mwiko wake. Hamalizi blanketi kabla ya kukata kipande cha kwanza cha lingine. Anaacha pindo wazi, upana wa kiganja, mpaka kazi mpya iwe imeanza. Nilimwuliza kulikoni, akasema akimaliza kabisa bila kuanza, mikono yake itadhani imestaafu na yenyewe. Na ungemwona hiyo siku ya kuanza! Anamwaga gunia sakafuni, anapiga magoti katikati, anaweka nyekundu karibu na njano, anaitoa, anajaribu kijani, anacheka peke yake. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Mimi huwa nakaa mlangoni na chai yangu, namtania kwamba amerudishwa chekechea.

Sasa mwanawe. Anaye huyo mmoja tu, na mtaani wanamwita Tai, kwa sababu hata akienda kununua mkate anafunga tai shingoni. Mtoto mzuri, simsemi vibaya, amemweka mama yake nyumbani kwake bila kinyongo. Lakini hivi viraka vilikuwa vinamkera. Kwake kiraka ni dhiki tu, hakina maana nyingine. Watu watasema mama yake hana blanketi la dukani. Akamnunulia magauni matatu ya maana, ili naye aonekane mama wa mtu. Dada akashukuru, akayatundika kabatini, akarudi kwenye cherehani.

Kisha Tai akapandishwa cheo, mkuu wa idara nzima. Ofisi ikamwandalia hafla ukumbini, Jumamosi mchana. Hapo akaona na nyumba nayo ipande cheo: chumba cha mbele, anachoshonea mama yake, kitiwe makochi ya wageni, cherehani iende stoo. Dada akasema hapana. Tai akasema basi wataongea. Dada akamwambia wameshaongea.

Alhamisi tukaenda kliniki, mimi na dada, kuchukua miwani yake mipya. Tunarudi, magunia yake mawili ya vipande hayapo. Vilikuwa vimefuliwa, vimekatwa, vimefungwa kila rangi mahali pake, tayari kwa kazi mpya. Miezi minne ya kuinama. Mkwe wake, mke wa Tai, alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa zamani. Gari la taka limepita saa nne, alisema, bila kugeuka. Dada akamwuliza nani alimtuma.

"Mwenyewe," akajibu, yaani mumewe, na machozi yanamlenga. Dada akamwambia asilie, yeye hana kosa.

Mimi nilipandwa na hasira mpaka kichwa kikagonga. Nilitaka nimpigie Tai simu palepale nimpe vidonge vyake. Na nisijifanye mwema, nilikuwa na langu pia: lile blanketi lililobakiza pindo lilikuwa langu. Nimelingoja mwaka mzima. Bila kazi mpya halimaliziki, na vya kuanzia kazi mpya ndivyo hivyo viko jalalani.

 Dada alivaa miwani yake, akafungua kabati, akatoa magauni yote matatu, akayalaza mezani. Mawili yalikuwa ya pamba. La tatu, ambalo Tai alitaka alivae Jumamosi, lilikuwa la kitambaa cha kuteleza chenye shanga kifuani, lakini bitana yake ilikuwa pamba safi. Aliishika bitana kwa vidole viwili kama anayenunua. Nikamkamata mkono, nikamkumbusha hafla ni keshokutwa. Akaniangalia juu ya miwani mpaka nikaachia mwenyewe, na mkasi ukaingia.

Tai alirudi saa kumi na moja, akakuta sakafu nzima ni pembetatu.

"Mama, hizo si nguo zako nzuri?"

"Zilikuwa nguo zako," dada akasema, hata kichwa hakuinua. "Mimi nilikuwa nakutundikia tu. Sasa ndiyo zimekuwa zangu."

Tai akamwuliza Jumamosi atavaa nini.

"Hili nililovaa. Kama halifai, basi na mimi sifai, nendeni wenyewe. Na cherehani ikitoka chumba hiki, natoka nayo."

Tai alisimama pale na mkoba wake, anamjua mama yake hatanii. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamlaza wapi kwenye chumba changu kimoja. Kijana akageuka, akaingia kwake, akabamiza mlango. Dada akavuta blanketi langu, akatunga sindano, akalifunga pindo.

Jumamosi tulikwenda. Dada alivaa gauni lake lilelile la kijivu, kalipiga pasi limenyooka. Mezani tuliwekwa pamoja na mkurugenzi, mtu mpole, akauliza mama anajishughulisha na nini. Tai akawahi kujibu kwamba amestaafu. Dada akaweka glasi chini.

"Nashona viraka," akasema, kwa ile sauti yake ya kiwandani, ya kushindana na mashine. "Nilishona kola miaka ishirini na minane, huyu akasoma kwa hizo kola. Sasa nashona ninachotaka."

 Mkurugenzi akaitikia kwa adabu, akarudi kwenye sahani yake. Hakuna aliyepiga makofi, msije mkasema naongeza chumvi. Tai alikuwa anatazama kijiko, masikio yamemwiva, nami nikajua ni aibu. 

Jumapili asubuhi nilimkuta dada chumba cha mbele, amepiga magoti katikati ya vipande vyake. Tai akaingia, shati mkononi, lile jeupe la kung'aa alilovalia hafla.

"Mama, hili linaweza kukufaa?"

Dada akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akawasha kiberiti, akauchoma. Pamba ikiungua huwa majivu. Uzi ule ulijikunja ukawa kishanga cheusi.

"Plastiki," akasema, akamrudishia.

Tai hakuondoka. Dada akamtazama kifuani. Alikuwa na shati lake kuukuu la kushindia nyumbani, pamba tupu, limefuliwa mpaka limelainika.

"Hilo je?"

"Hili la buluu, mama." Kumbe alikuwa anajua! Na mimi miaka yote nilidhani haangalii.

"Naliona. Lete."

Akafungua vifungo kimoja kimoja, akabaki na fulana mbele yetu, mkuu wa idara mzima. Dada akalitandaza shati sakafuni, akapitisha mkasi shingoni mzunguko wote, na alichokikata akamwekea kiganjani.

"Kola baki nayo," akamwambia. "Mimi za kwangu nilishamaliza."