Ndege ya Ijumaa

Mume wangu alikuwa karani wa serikali Isiolo, na miaka ile ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliovizia magari, ilimpa kitu ambacho ukarani haukuwahi kumpa: siri. Kabla ya vita hakuwa na la kuficha isipokuwa sukari, wageni wasije wakajaza vijiko. Vita vilipoanza akajifunza kunong'ona hata anapouliza kama chakula kimeiva.

Hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa hausemi siku ya safari. Tuliamini kwamba siku ikishatajwa sokoni, huko porini wameshaipata na wameketi kando ya barabara wakikungoja. Kwa hiyo aliyetaka kusafiri alitaja siku nyingine, na kila aliyemsikia alijua kwamba siyo hiyo. Ulikuwa uongo wa adabu, kama kusema umeshiba ukiwa kwa watu. Hakuna aliyedanganyika.

Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa Mombasa, na mumewe alifanya kazi bandarini. Akatuandikia kwamba siku zake za kujifungua zimekaribia na anaogopa. Kwetu huko milimani, binti anapozaa mara ya kwanza mama yake huwa hapo, na uji wa kwanza wa mzazi hukorogwa na mkono wa mama huyo. Nilipozaa mimi, mama yangu alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mlima, kibuyu mgongoni. Sikuwa tayari kushindwa na mtu aliyetembea.

Mume wangu akaamua kwamba nitakwenda kwa ndege. Nikamkumbusha kwamba kutoka Nairobi kuna garimoshi. Akasema garimoshi hukanyaga ardhi, na ardhi siku hizi haiaminiki. Kati ya Nairobi na Mombasa hakukuwa na Shifta hata wa dawa, lakini nani angebishana na karani anayenong'ona? Ndugu yake wa Nairobi akakata tiketi. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Nanyuki, ambayo angalau ilikuwa na uvumi wake, ningeipita kwa gari la serikali, na hiyo haikumnyima usingizi.

Baridi ndiyo iliyomshughulisha. Ulikuwa mwezi wa saba, na aliapa kwamba mtu aliyezoea jua la Isiolo ataganda Nairobi, basi nikanunuliwa sweta mbili na soksi za sufu. Tulikaa Kiwanjani, ambako ndege za jeshi zilitua nyuma ya nyumba na kupulizia vumbi nguo nilizoanika, kwa hiyo alijiona mjuzi wa mambo ya angani. Alinifundisha kumeza mate ndege inapopanda. Tulifanya mazoezi tukiwa tumekaa kitandani.

"Watu tuwaambie Ijumaa," akaninong'oneza.

Jirani yangu, mama wa Kiborana, akaja na kibuyu kidogo cha samli.

"Salaam aleikum, mama. Nasikia unaenda Ijumaa."

"Ijumaa," nikasema.

"Haya. Basi samli nimeleta leo, nisikukose."

Jumapili jioni mume wangu akanisogelea akaniambia, "Kesho." Unga wangu wa wimbi ulikuwa umeshasagwa na kufungwa, kwa maana mimi pia nilikuwa mtu wa Isiolo.

Nikalala Nairobi kwa shemeji, na Jumanne nikapanda ndege. Siwezi kuikana, ilikuwa raha. Nilimeza mate kama nilivyofundishwa, nikashuka Mombasa na sweta zangu mbili, jasho likinitiririka, unga na samli nimekumbatia, nikatafuta nani amekuja kunipokea.

Hakukuwa na mtu. Nilipokaa kwenye benchi nikifikiri ndipo nilipoelewa. Mume wangu alikuwa amempelekea mkwe wetu telegramu, na kwa kuwa telegramu hupita katika mikono mingi, humo pia alikuwa ameandika Ijumaa. Alisahau kwamba Mombasa haikuwa na vita, na mtu wa huko ukimwambia Ijumaa anaelewa Ijumaa. Nyumba ya binti yangu sikuijua. Walikuwa wamehama juzi juzi tu, na barua yenye anwani mpya mume wangu aliichoma baada ya kuisoma. Anwani ilikuwa salama kabisa, kichwani mwake, Isiolo.

Dereva wa teksi akanionea huruma, akanipeleka kwa mkewe Changamwe. Mama yule alinivua sweta kwanza, habari akaniuliza baadaye. Kesho yake nikaenda kwenye lango la bandari. Askari akauliza mkwe wangu ni wa idara gani. Nikasema ni mrefu. Akasema warefu wako wengi. Nikapita posta nikampelekea mume wangu telegramu: NIMEFIKA SIJAPOKEWA NIPE ANWANI. Alhamisi asubuhi nikalifuata jibu lake. Lilisema: SUBIRI IJUMAA.

Nikasubiri. Mchana nikamsaidia mwenyeji wangu kuchambua mchicha huku nikimtukana mume wangu kwa Kimeru, naye akiitikia "amina" kwa heshima, akidhani naomba dua.

Ijumaa nikarudi uwanja wa ndege. Mkwe wangu alikuwa pale na shati jeupe, ametazama juu. Nikamsalimu kutoka nyuma yake.

"Mama," akasema, "lakini ndege haijatua bado."

"Nilikuja na nyingine."

Hakuuliza zaidi, alikuwa amejaa furaha. Mtoto alikuwa amezaliwa jana yake mchana, wa kike. Tukapanda teksi, nayo ilipokata kona nikaanza kuijua njia. Nikaona duka nililonunua sabuni. Tukapita nyumba ya mwenyeji wangu, tukasimama mbele kidogo.

Binti yangu alikuwa amejilaza, uso umepungua. Uji wa kwanza jirani alikuwa ameshamkorogea, na bakuli lilikuwa limeshaoshwa. Nikampakata mtoto, nikalia bila kuona haya.

"Nilikuita, mama," binti yangu akasema. "Jana nilipiga mayowe nikikuita wewe tu. Mkunga akaniambia ninyamaze, mama yako yuko Isiolo, hata ukilia namna gani hawezi kukusikia."

Jana mchana nilikuwa mtaa wa pili, nachambua mchicha, na madirisha yote yalikuwa wazi kwa ajili ya joto.