Simba wa Ambika

Asubuhi ile mume wangu alipiga simu kutoka Sharpstown, Houston. "Niko njiani, nakuja kuomba radhi. Wavalishe watoto." Akakata. Radhi gani hiyo inayoanza na amri? Alikuwa ana-drive kuja Carrollton, mwendo wa saa nne, nilikokimbilia baada ya kipigo chake cha mwisho, kwa bibi niliyekuwa nikimhudumia na kuishi kwake na binti zangu wawili.

Bibi ni Mhindi wa Mombasa, wa dini ya Kijaini, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Sebuleni ana kabati la ibada, ndani yake sanamu ya mama wa shaba, Ambika. Mtoto mmoja kampakata, mwingine kasimama ubavuni, mkononi ana kishada cha maembe. Miguuni pake kalala simba, mdogo kama paka. Mimi Mwislamu, mimi na masanamu wapi na wapi! Nafuta vumbi kabatini, yeye simgusi. Hata bibi hamgusi mpaka aoge.

Siku hiyo kitambaa kilinidondoka.

"Una nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote. Akamtazama yule mama wa shaba.

"Huyu naye alikuwa mke wa mtu. Alimpa mtawa chakula kilichowekewa wageni, mumewe akamfukuza na wanawe. Kisha mume akajuta, akamfuata kumtaka radhi. Yeye kumwona tu, akadhani anakuja kumuua. Akajitupa kisimani na wanawe."

"Kumbe alikuja kwa wema?"

"Angejuaje? Alipokufa akawa mungu. Mume naye akafa, akazaliwa simba. Ndiye huyo hapo chini, anambeba."

Nilipandwa na hasira. Yaani mwanamke mpaka afe ndipo aheshimiwe? "Bibi, hiyo nayo ni hadithi ya kunipa leo?" Alikuwa anatafuta simu yake.

Kengele ikalia. Binti yangu mkubwa akachungulia dirishani. "Mommy, it's Daddy. He's crying."

Machozi ya kweli au ya mamba? Sikujua, naapa sikujua. Nikambeba mdogo, miguu ikitaka mlango wa nyuma. Bibi akajikongoja na fimbo yake, akasimama ubavuni pangu, simu mkononi, tayari kuwaita polisi.

"Mwenzio wa kisimani alikuwa peke yake," akasema.

Nje mume wangu akagonga. "Fungua, mke wangu. Nimekuja kwa heri, wallahi."

"Kaa chini," nikamwambia.

"Nini?"

"Chini, hapo hapo ulipo. Ndipo useme."

Halafu binti yangu akageuka kutoka dirishani, macho yamemtoka.

"He sat down."

Akaanza kuomba radhi, na sauti yake ilitokea chini, usawa wa magoti yangu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Komeo sikuligusa.