Ng'ombe Waliokaa Kwetu

Asubuhi ambayo kamati ya ufadhili ya parokia ilikuja kukagua umaskini wetu, zizi letu lilikuwa limejaa ng'ombe wanono. Mama alitaka niwapeleke malishoni mapema. Baba akakataa. "Tangu lini ng'ombe wanafichwa wageni?"

Nilikuwa nimechaguliwa chuo kikuu, ada sina. Ufadhili wa parokia haurudishwi. Mkopo wa serikali hurudishwa kwa makato ya mshahara, ukiupata huo mshahara. Mchango wa ukoo nao hurudishwa, ila hakuna anayekwambia utamaliza lini. Nilitaka ufadhili. Mkopo baba alishakataa kuudhamini, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa wiki hiyohiyo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa zizini.

"Mzee, hawa wote ni wako?"

"Wanakaa hapa," baba akajibu.

Wetu alikuwa mmoja tu, yule mwenye mbavu za kuonekana. Waliobaki walikuwa wa mtu wa kijiji cha Getanuwas. Sisi tunakunywa maziwa na kupeleka samadi kwenye mahindi. Ndama ni wake. Mtu hutawanya mifugo yake ili ugonjwa usiimalize mahali pamoja, na ili ndugu wasijue anayo mingapi. Anayetunza hamtaji mwenye mali. Ukimtaja, hutapewa tena.

"Nauliza tena, mzee. Ni wako?"

Nadhani mwalimu alijua. Ndiyo maana aliuliza mara ya pili.

"Wanakaa hapa."

"Mwalimu, si wote ni—" nikaanza.

"Kawaletee wageni maji," baba akasema, bila kunitazama.

Niliporudi na maji walikuwa wamesimama. Katekista, mmoja wa wanakamati, akacheka: "Uza wawili tu hawa, kijana anafika mpaka uprofesa!" Mwalimu hakucheka. "Sisi tunaandika tunachokiona," akasema.

Walipoondoka nilishindwa kujizuia. "Baba, umekitupa chuo changu kwa ajili ya ng'ombe wa mtu!"

"Ningesema, wangeondolewa. Wadogo zako wangekunywa nini?"

"Basi nidhamini mkopo."

"Serikali ije ichukue shamba?"

"Haichukui shamba. Inakata mshahara."

"Na usipopata kazi?"

"Deni linangoja."

"Linangoja wapi? Mlangoni kwangu?"

Swali hilohilo nilikuwa nimemuuliza aliyekuja shuleni kutuelezea mikopo, naye akasema tuwe na mtazamo chanya. Baba akaegemea mlango wa zizi.

"Kwa hiyo wewe utakunywa maziwa, ndama ni wa serikali."

"Baadhi ya ndama. Mpaka deni liishe. Na kwa huyu wako wa Getanuwas, baba, linaisha lini?"

Mama akaacha kufagia. Nilijua nimevuka mpaka. Baba aliwatazama wale ng'ombe kwa muda, mmoja baada ya mwingine, kisha akaingia ndani. Nilidhani anatafuta fimbo. Akatoka amevaa koti la kanisani, kitambulisho kikiwa mkononi.

"Mtendaji wa kijiji anafunga ofisi saa ngapi?"

Alitia sahihi fomu ya mkopo taratibu, akibonyeza kalamu kama anachimba. Tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo.

"Mtu akikuuliza nani anakusomesha," akasema, "mwambie unasoma."