Nyoka Nyumbani kwa Mkwe

Katika ukoo wa Chausiku, kule milimani juu ya mji wa Morogoro, mwanamume alioa kwa jembe. Ardhi ilikuwa ya mama na ya kaka zake mama. Mume alipanda mlima na shoka lake na nguo zake, akalima, akatazamwa. Akionekana hafai, alikabidhiwa shoka lake akateremka kama alivyopanda. Hatibu, mume wa Chausiku, alikuwa ametazamwa misimu miwili, na kusema kweli, yeye mwenyewe angekuwa mjomba wa Chausiku, angejifukuza. Matuta yake yalishuka bondeni na mvua ya kwanza. Maharage yake yaliota vizuri sana, ila yaliota kwa jirani.

Jambo moja tu alilijua: nyoka. Kabla ya kuoa alimfanyia kazi Mjerumani mmoja mwenye miwani, aliyekuja na reli, akawa anakusanya nyoka wa Uluguru na kuwatia katika chupa za pombe kali. Siku moja Hatibu alimpelekea nyoka wawili wa mchanga, wembamba, wa kahawia, wenye mistari ya manjano ubavuni. Mjerumani akapunga mkono: wa namna hiyo anao tele, hawana maana. Maneno hayo yalimgusa Hatibu. Aliwaonea huruma kama ndugu zake, akaondoka nao, na alipooa akapanda nao mlima ndani ya kapu la mianzi lenye kifuniko. Mmoja alimwita Akida, kwa sababu alikula bila kulima. Wa pili alimwita Karani, kwa sababu alimfuata Akida kila alikokwenda.

Aliwalisha mijusi na vyura. Jioni aliwatoa, akawaacha wateleze kutoka kiganja kimoja hadi kingine bila kuwabana, maana nyoka asiyebanwa hana haja ya kuuma. Wapita njia walisimama mbali wakamsikiliza. Meno ya sumu ya nyoka hawa yako nyuma ya kinywa, aliwafundisha, na sumu yenyewe ni haba. Mtu huvimba, huwashwa, basi.

"Ni kama nyigu," alisema. Hakuwa ameumwa hata mara moja, lakini mwalimu hodari hangoji hayo.

"Wanaume wenzako wanaulizwa habari za mahindi," Chausiku alimwambia. "Wewe unaulizwa habari za mijusi."

"Si naulizwa lakini?"

Ikafika habari kwamba Mzee Ahmadi, mjomba wa Chausiku, angekuja Ijumaa baada ya sala. Hakusema anakuja kufanya nini, na hakukuwa na haja. Ijumaa hiyo Hatibu alichinja jogoo mkubwa kuliko hadhi yake, na mikono ikiwa bado ina damu, akaona kifuniko cha kapu kimekaa upande. Karani alikuwa amelala ndani. Akida hakuwepo.

Kabla hajapata la kufanya, sauti ilitoka nyumba ya pili, ya mama mkwe wake, Bi Mwanaasha. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Chausiku, mwambie mumeo kuna mgeni wake huku kwangu."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana mwanamume wa kule haingii nyumba aliyomo mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye. Hatibu alifika mlangoni akageuka, akaupa mlango mgongo, uso akauelekeza kwenye mgomba wa uani. Bi Mwanaasha alikuwa juu ya kitanda, nyoka yuko uvunguni.

"Chausiku, mwambie mama atoke, nami niingie," alisema Hatibu.

"Mama, anasema utoke."

"Mwambie nitatokaje, naye amejaza mlango?"

"Anasema utapisha lini mlango?"

"Nikienda mbali, nyoka akipita simwoni."

"Mama, anasema..."

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi, nina heshima."

Mambo yalikuwa hapo Mzee Ahmadi alipotokea na bakora yake.

"Shikamoo, mjomba," Hatibu alisema, bado akiwa ameuangalia mgomba.

"Marahaba. Mbona unauamkia mgomba?"

Alipoelezwa, mzee alivuta ndevu, kisha akatoa hukumu. Mkwe afunikwe kanga usoni, aingie kinyumenyume. Kwa njia hiyo hatakuwa ameingia kabisa.

Hatibu akaingia, matako mbele, kama mtoto anayezaliwa kinyume. Akapiga magoti, akapapasa uvunguni.

"Chausiku, mwambie mkono wa kulia," ilisema sauti juu ya kichwa chake.

"Mkono wa kulia," Chausiku aliitikia kutoka nje.

"Mwambie hicho ni kiatu changu."

"Hicho ni kiatu chake."

Kisha akashika kitu chembamba, cha baridi, akakibana kwa nguvu zake zote. Mtu anayefuga nyoka hujua mambo mawili: usimbane, na usimshike kwa mkono wenye harufu ya damu. Hatibu aliyajua yote mawili, tena aliyafundisha. Akida alimng'ata chini ya kidole gumba, akatafuna.

Mwalimu wa nyigu alikaa sakafuni. Alitoa shahada. Kisha akaanza kuusia: shoka apewe mdogo wake, Karani aangaliwe vizuri, Chausiku asikae mjane muda mrefu. Alikuwa ameanza kuwasamehe majirani kwa yale maharage, kanga ilipovutwa usoni pake. Bi Mwanaasha alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshika mkono.

"Si wewe uliyesema haui?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuambiwa na mama mkwe wake.

"Nilisema, mama."

"Basi nyamaza nikuoshe, nikufunge kitambaa. Na huyo mshike, asinirudie uvunguni."

Jogoo alipoliwa, Mzee Ahmadi alisafisha koo. Bi Mwanaasha akamwahi.

"Kaka, najua lililokuleta. Lakini ukimteremsha leo na mkono kama boga, kwao watasema tumemloga. Mwache mpaka apone."

Mzee akautazama mkono, akaona ni kweli.

Hatibu aliwaachilia nyoka wake ng'ambo ya kijito, penye mawe ya jua. Alisimama kidogo, akidhani watasita. Hawakusita. Uvimbe nao uliisha upesi, kwa kuwa alikuwa amefundisha kweli, jambo lililomshangaza kuliko wote. Lakini kitambaa hakukifungua. Alilima nacho, na Bi Mwanaasha, ambaye sasa hakuwa tena na heshima ya kulinda, alisimama juu ya shamba akimsomesha: tuta likate mteremko, lisiufuate, wewe ni maji? Hatibu hakuwahi kutukanwa vizuri hivyo. Mvua zikaja, matuta yakabaki.

Wakati wa mavuno Mzee Ahmadi alipanda tena. Alipita shambani polepole, akagusa tuta kwa bakora. Alirudi uani, akakiangalia kile kitambaa, kilichokuwa cheusi kwa udongo.

"Mkono wa mkwe umepona?" aliuliza.

Hatibu akamtazama mama mkwe wake. Bi Mwanaasha aliendelea kupukuchua maharage ungoni.

"Bado, kaka," alisema.